Maneno ya Kiingereza: Tuanze na Yapi?



Katika masomo ya jioni ya watu wazima, wengi wetu tunajaza daftari majina ya wanyama na matunda kwa Kiingereza. Si vibaya. Lakini kuna maneno mengine yanayotungoja kwenye karatasi za pesa, na hayo hatuyajui.

Mama mmoja wa kikundi tunachokijua aliombwa na jirani aweke sahihi kwenye fomu ya mkopo. Alidhani ni shahidi tu. Kumbe neno lililoandikwa pale lilikuwa "guarantor", yaani mdhamini. Shahidi ni "witness": yeye anathibitisha ameona sahihi ikiwekwa. Mdhamini analipa deni mkopaji akishindwa. Jirani alishindwa, na mama akauza ng'ombe wake wa maziwa.

Kwa hivyo tuanze na maneno kama haya:

1. "Loan" ni mkopo, unarudishwa. "Grant" ni msaada, haurudishwi mkiutumia kwa kazi mliyokubaliana.

2. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Mkiyabadilisha, barua yenu itasema kikundi kinataka kutoa pesa!

3. "Balance" kwenye kitabu cha akiba ni pesa zenu zilizobaki. Kwenye karatasi ya mkopo ni deni lililobaki.

4. "Flat rate" na "reducing balance" ni njia mbili za kuhesabu riba. Tuseme mmekopa sh. 20,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na kila mwezi mnapunguza mkopo kwa kiasi sawa kwa miezi 12. Kwa njia ya kwanza riba inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho: sh. 2,400. Kwa njia ya pili inahesabiwa juu ya deni lililobaki: sh. 1,300.

Msikariri neno peke yake. Leteni fomu yenyewe mkutanoni. Katibu aandike maneno matano, na kila mtu atunge sentensi na kueleza maana kwa lugha ya nyumbani. Matano kila wiki ni zaidi ya 200 kwa mwaka.

Na ukikuta neno usilolijua karibu na mahali pa sahihi, usitie sahihi. Beba karatasi, uliza kwanza. Kuuliza si ujinga, na haraka haraka haina baraka.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.