Nyangumi au Chatu: Pesa Yako ya Watamu Iende Wapi?

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, familia nyingi za bara huteremka Pwani ya Kenya. Watakaofika Watamu wanaweza kumtafuta nyangumi baharini na kumwona chatu nchi kavu siku hiyo hiyo. Ila mfuko una mipaka yake, na wengi hulazimika kuchagua mmoja.

Nyangumi wa nundu hutoka maji baridi ya Antaktika na kupanda hadi pwani yetu kupandana na kuzaa, kati ya Julai na Oktoba. Mkubwa wao hufika mita 15 na tani 30 hivi. Uzito huo ungehitaji chatu 600 wa kilo 50 kila mmoja. Kitu cha kwanza kuonekana ni pumzi yake, mvuke unaoruka juu ya maji kwa mita kadhaa. Kisha hutokea mgongo mweusi na, ukibahatika, mkia mzima unaoinuka kabla hajazama. Mabaka meupe na meusi chini ya mkia huo hayafanani kwa nyangumi wawili, na watafiti huwatambua kwa kuyapiga picha.

Lakini hapa unalipia mashine na mafuta. Boti hukodishwa nzima, kwa hiyo wawili wakienda peke yao wataumia, na wanane wakichanga watapumua. Tena msimu wa nyangumi ndio msimu wa upepo wa kusi: mawimbi ni makubwa, watoto hutapika, na safari huweza kuahirishwa asubuhi ile ile. Kabla ya kutoa arbuni, uliza: bahari ikichafuka, pesa zinarudi? Majaketi ya kujiokolea ya saizi ya watoto yapo? Nahodha anayekuhakikishia kwamba lazima utamwona nyangumi, au anayejigamba kuwa atakusogeza hadi umguse, achana naye. Mama mwenye ndama hafai kufukuzwa na boti.

Kwa chatu hesabu ni nyepesi: kiingilio cha kila mtu na nauli ya tuktuk, basi. Kituo cha nyoka cha Bio-Ken, alichoanzisha James Ashe mwaka 1980, kipo hapo hapo Watamu. Chatu wa Afrika kwa kawaida ana mita tatu hadi tano. Hana sumu, hubana windo mpaka damu ikashindwa kuzunguka. Mtazame mdomoni: utaona vishimo vidogo vinavyohisi joto la mnyama hata gizani. Mwambie mtoto ahesabu vishimo hivyo, naye atakaa hapo muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Muulize mwelekezaji pia nini cha kufanya mtu akiumwa na nyoka mwenye sumu. Jibu hilo linaweza kuokoa maisha kijijini kwenu, nalo halina bei ya ziada.

Kwa maoni yangu, mwenye watoto wadogo au pesa ya kubana aende kwa chatu, kwa kuwa yeye hakosekani. Nyangumi ni wa kikundi kinachoweza kujaza boti na chenye siku mbili tatu za akiba kusubiri bahari itulie. Kama una siku moja tu na kusi inavuma, usikodi boti.