Pakanga ya Uchina na Vijichembe vya Nano: Tiba ya Malaria katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Neno nyuni lina maana mbili katika lugha ya Pwani. Maana ya kwanza ni ndege. Ya pili ni maradhi ya mtoto mdogo ambaye hukakamaa viungo, akapindua macho na kutokwa na povu kinywani. Degedege ni jina jingine la maradhi yayo hayo, na haihitaji mtu awe mwanaisimu ili amwone ndege ndani yake. Itikadi iliyozaa majina haya ni kwamba mtoto amepitiwa na ndege au pepo, ndiposa wazazi wengi wa Kilifi na Malindi wamekuwa wakitangulia kwa mganga kabla ya kufika hospitalini. Tabibu naye akimtazama mtoto huyo huyo, aghalabu huona malaria iliyopanda kichwani. Saa zinazopotea baina ya majina hayo zaweza kuamua iwapo mtoto ataishi au la.

Ajabu ni kwamba dawa inayomngoja hospitalini asili yake ni mitishamba. Artesuneti, ambayo hudungwa mshipani, hutengenezwa kutokana na artemisini, na artemisini hutoka katika mmea uitwao qinghao kwa Kichina, wa jamii moja na pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaufahamu kwa jina. Mnamo karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba qinghao hulowekwa katika maji, ukakamuliwa na maji yake yakanywewa. Mwaka wa 1967 serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na baadaye mwanasayansi Tu Youyou akapewa jukumu la kuchunguza matibabu ya kale. Majaribio ya awali hayakuridhisha. Aliporejelea maneno ya Ge Hong alitambua kuwa hayataji kuchemsha mahali popote. Yamkini moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Akatumia etha, kiowevu kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka wa 1971 dawa hiyo ikawaangamiza vimelea wote katika panya wa majaribio. Yeye na wenzake walijinywesha dawa hiyo kabla ya kuwapa wagonjwa. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Kwa mwanafunzi wa fasihi kisa hiki kina ladha ya pekee, kwani ufunguo ulipatikana kwa kuisoma matini ya kale kwa makini, na hasa kwa kuzingatia lile ambalo halikusemwa.

Kilifi ina nafasi yake katika historia hii. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) ikishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza ilianzisha kituo cha utafiti huko mwaka wa 1989, katika uwanja wa hospitali. Kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi 9 za Afrika vilivyolinganisha artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini ni takriban watoto 24 kwa kila 1,000.

Hata hivyo, artemisini ina kasoro. Haiyeyuki vyema katika maji wala mafuta, nayo hutoweka damuni baada ya saa chache. Kwa sababu hiyo vidonge vya malaria huiunganisha na dawa nyingine inayodumu zaidi, kama vile lumefantrini. Nayo lumefantrini hufyonzwa vizuri mwilini inapoandamana na mafuta, ndiyo maana muuguzi humhimiza mama ampe mtoto dawa pamoja na maziwa au chakula. Ni ushauri mwema, ila mtoto mwenye homa hali, na si kila nyumba ina maziwa.

Hapa ndipo teknolojia ya nano inapoingia. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita zipatazo 80,000, na seli nyekundu ya damu, anamojificha kimelea wa malaria, takriban 7,000. Kijichembe cha nano aghalabu hakizidi 100, ingawa katika dawa huruhusiwa hata mamia kadhaa. Bonge la sukari guru huchelewa kuyeyuka katika chai, lakini likisagwa huyeyuka papo hapo kwa kuwa sehemu kubwa zaidi inagusana na maji. Dawa nayo ni hivyo. Njia nyingine ni kuifunga dawa ndani ya kifuko cha mafuta kiitwacho liposomu. Anayekuna nazi anaijua kanuni hii: mafuta na maji havipatani, ilhali katika tui hukaa pamoja, mafuta yakiwa matone madogo mno yaliyotawanyika. Matone ya tui ni makubwa kuliko nano, lakini mantiki ni ile ile.

Wataalamu wamejaribu kuitia artemisini katika vijichembe vya aina hii ili iyeyuke vizuri zaidi na ikae damuni muda mrefu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ingali katika maabara na miilini mwa panya, na anayedai kwamba tiba imekwisha kuwasili anatangulia mbele ya ushahidi. Wakati huohuo vimelea wanaoistahimili artemisini wamethibitishwa Rwanda na Uganda, jambo linaloipa kazi hiyo uzito. Wala anayechemsha majani ya pakanga nyumbani hajapata njia ya mkato. Kipimo cha dawa katika majani hubadilikabadilika, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria.

Kijichembe cha nano kilichokwisha kuwafikia watoto wa Kilifi kimetokana na mti wa bara jingine. Chanjo ya R21, iliyojaribiwa Kilifi na vilevile Bagamoyo, Mali na Burkina Faso kwa watoto takriban 4,800, ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani mnamo Oktoba 2023, huchanganywa na kiambata kiitwacho Matrix-M. Kiambata hicho ni vijichembe vya nanomita zipatazo 40 vilivyoundwa kwa saponini, yaani utomvu wenye povu wa gome la mti wa Chile, pamoja na mafuta. Kazi yake ni kuuamsha mfumo wa kinga ya mwili uitambue chanjo.

Limebaki suala la istilahi, nalo si la wanaisimu pekee. Mzazi anayeombwa idhini ya mtoto wake kushiriki katika jaribio husomewa maelezo kwa Kiswahili au Kigiriama. Akiambiwa "chembe", huenda akafikiria chembechembe za damu, akadhani mtoto ataongezwa damu au kutolewa. "Kijichembe" angalau huashiria udogo, japo hakionyeshi kuwa kitu hicho kimetengenezwa na binadamu. Neno "uchunguzi" lina utata zaidi, maana hutumika kwa kupimwa maradhi na pia kwa utafiti, na mama aliyemleta mtoto mwenye nyuni saa nane za usiku anatarajia lile la kwanza.