Lubumbashi: Fundi akishakula avansi, mvua haingoji

Katika mji wa Lubumbashi, kati ya mwezi wa tano na mwezi wa tisa, nyumba nyingi hugeuka shantie. Ni kipindi cha ukavu. Matofali ya kuchoma yanatoka kwenye matanuru na lori zinafika hadi ndani ya kartie ambazo wakati wa mvua hazipitiki. Mwenye nyumba ambaye paa lake lilivuja msimu mzima anaamua kulibadilisha. Mwingine anataka choo cha ndani, mwingine anataka karo sebuleni kabla ya harusi ya binti yake. Wote wanatafuta fundi, na wote wanamtafuta kwa wakati mmoja.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu katika komine ya Katuba, mfano ambao wakaaji wengi wataujua hata kama hayakuwapata wao wenyewe. Fundi amepatikana kupitia mtu wa kanisani. Siku ya kwanza amekuja kwa saa, amepima ukuta kwa ukuta, ameandika devi kwenye karatasi ya daftari: mabati 40, mbao, misumari, malipo ya kazi. Ameomba dola 700 ili akanunue vifaa na kuanza. Siku ya pili vijana wawili wanapanda juu na kung'oa mabati ya zamani. Siku ya tatu anakuja kijana mmoja. Siku ya nne haji mtu.

Simu inaita bila kujibiwa, halafu haiiti tena. Baada ya siku sita fundi anapatikana. Mtoto alikuwa mgonjwa, betri ya simu ilikufa, kesho asubuhi saa moja niko pale. Kesho inafika, saa moja inapita, saa nne inapita. Wiki tatu baadaye familia inalala chini ya shitingi, magodoro yamepelekwa kwa jirani, na mabati ya zamani yaliyong'olewa yameshatobolewa kiasi kwamba hayawezi kurudishwa juu. Mwezi wa kumi umeingia, mawingu yanaanza kukusanyika. Mwenye nyumba hana tena nguvu ya kubishana. Akimfukuza fundi huyu, anapoteza dola 700 na analazimika kumlipa mwingine kwa bei ya mtu mwenye haraka. Fundi anajua hivyo.

Wengi humwita mwizi, na wapo wezi kweli. Lakini mara nyingi pesa haikuibwa, ilihama. Fundi wa kawaida hana mtaji. Wasaidizi wake wanaobeba maji na kukoroga simenti wanataka kulipwa kila jioni, kwa sababu nyumbani kwao wanakula kwa pesa ya siku hiyo. Avansi aliyopokea Katuba imekwenda kumalizia choo huko Kampemba, ambako avansi ilikuwa imetumika kumaliza ukuta Ruashi, ambako mwenye nyumba bado hajalipa salio. Ili mnyororo huo usikatike, lazima kila wiki apate shantie mpya na avansi mpya. Siku akikosa mteja, mtu mmoja katika mnyororo anabaki bila paa. Hiyo haimwondolei fundi kosa, ila inaeleza kwa nini hata fundi mwenye mkono mzuri, anayesifiwa na kila mtu, anaweza kupotea wiki mbili.

Mafundi nao wana malalamiko, na si ya uongo yote. Kuna wenye nyumba wanaokubaliana kuhusu chumba kimoja, halafu kazi ikiwa katikati wanaongeza dirisha, kabati la ukutani, baraza, na kuona kwamba vyote hivyo vimo ndani ya bei ya kwanza. Kuna wanaongoja kazi iishe ndipo watafute kasoro ya kuzuia pesa ya mwisho. Septemba ikifika na watoto kurudi shuleni, pesa ya shantie inageuka pesa ya shule, na fundi anaambiwa asubiri. Aliyechomwa hivyo mara mbili anajifunza kuomba pesa nyingi mwanzoni.

Tatizo la pili halionekani siku ile ile. Ni la vifaa. Mabati, yale ambayo watu wengi huita manjanja, huuzwa kwa namba ya unene, na namba hiyo inakwenda kinyume na mawazo ya mtu: BG 32 ni jembamba kuliko BG 28. Asiyejua huona 32 ni kubwa, basi ni bora. Fundi anayekwenda dukani peke yake anaweza kuandika 28 kwenye devi na kuleta 32, na tofauti ya bei inabaki mfukoni. Paa linang'aa sawasawa siku ya kwanza. Baada ya misimu michache upepo unaanza kulipiga na misumari kulegea.

Kwenye umeme hesabu ni hiyo hiyo, ila hatari ni kubwa zaidi. Waya wa plagi kwa kawaida unatakiwa kuwa wa milimita za mraba 2,5. Ule wa 1,5 ni wa taa. Ukipitisha 1,5 ukutani kwa ajili ya plagi, ukaufunika kwa simenti, hakuna atakayejua hadi siku pasi, friji na jiko la umeme vinapowashwa pamoja. Waya unapata moto ndani ya ukuta. Kwenye karo, fundi mwenye haraka huweka donge la simenti katikati na kuacha pembe zikiwa tupu chini. Ukigonga kwa sarafu unasikia sauti ya debe tupu, na siku kabati zito likisukumwa hapo, karo inapasuka. Bafuni, sakafu isiyoteremka sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji itaacha dimbwi mlangoni, na hakuna kupiga deki kutakakolimaliza.

Kujua mambo haya kunahitaji shule, na shule ipo. Chuo cha serikali cha mafunzo ya kazi, INPP, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina kituo Lubumbashi na kinafundisha ujenzi, umeme na mabomba. Lakini mafundi wengi wamejifunza kwa kumbebea ndoo fundi mwingine, na mwenye nyumba haulizi cheti. Anauliza bei.

Panapokuwa na ugomvi, watu hukimbilia kwa shefu wa kartie au polisi. Hapo wengi hugundua kwamba wana karatasi isiyowasaidia, au hawana karatasi kabisa. Sheria ya Kongo kuhusu mikataba, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Hata makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Shida ni kuyathibitisha.

Kuna jambo moja dogo la kuandika ambalo lina uzito mkubwa. Pesa aliyopewa fundi kama malipo ya kazi, akashindwa kuimaliza kazi, kwa kawaida ni deni, na deni linadaiwa kwenye mahakama kama kesi ya kiraia. Lakini pesa aliyokabidhiwa ili anunue mabati 40, naye akaitumia kwa mambo yake kwa nia ya udanganyifu, inaweza kuwa kosa la jinai: kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha sheria ya makosa ya jinai, ambacho adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano pamoja na faini. Kwenye risiti nyingi za Lubumbashi limeandikwa neno moja tu, avansi, na neno hilo halisemi pesa ilikuwa ya nini. Mwenye nyumba mwenye akili huandika risiti mbili, moja ya vifaa, nyingine ya kazi, zote zikiwa na tarehe na sahihi. Kilicho bora zaidi ni kwenda dukani mwenyewe, kulipa mwenyewe na kubaki na fakitire. Muuzaji anaweza kukasirika kwa sababu fundi hatapata asilimia yake. Aachwe akasirike.

Kwa walio mbali, Brussels au Johannesburg, wanaotuma pesa ili nyumba ya wazazi itengenezwe, mambo ni magumu zaidi, kwani msimamizi ni ndugu na mtu hamdai ndugu fakitire kwa urahisi. Picha za WhatsApp zinaonyesha ukuta uliopakwa rangi. Haziwezi kuonyesha waya uliomo ndani. Angalau pesa iliyopita kwa M-Pesa au Airtel Money inaacha alama ya tarehe na kiasi, jambo ambalo noti zilizotolewa mkononi haziachi.

Baadhi ya wenye nyumba sasa hawatoi tena nusu ya pesa mwanzoni. Wanalipa kwa hatua: mbao zikipanda, kiasi, mabati yakipigiliwa, kiasi. Mabati ya zamani hayang'olewi hadi mapya yawe yamehesabiwa uani. Na sehemu ya mwisho ya malipo inabaki kwa mwenye nyumba hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe na watu wa nyumba hiyo watazame dari. Si kila fundi anayekubali sharti hilo. Anayelikataa kabla hata ya kupima ukuta anaachwa aende, ukavu ungali mrefu na paa la zamani lingali juu.