Fahamu: Matusi ya mtandaoni humfanya nini mwanamke?

Mwaka 2022 kaunti ya Nakuru, Kenya, ilichagua gavana mwanamke, Susan Kihika, na seneta mwanamke, Tabitha Karanja. Eneobunge lake la Gilgil nalo likamrudisha bungeni Martha Wangari, aliyechaguliwa mara ya kwanza 2017. Uchaguzi wa 2027 utaleta wagombea wengine wanawake, na wengi watakutana na matusi kwenye simu kabla ya kukutana na wapiga kura.

Mwanamume hushambuliwa zaidi kwa kazi yake. Mwanamke hutukaniwa mwili wake, ndoa yake, hata watoto wake. Si wanasiasa pekee. Mama anayeuza nguo kupitia WhatsApp akisambaziwa uvumi, usingizi humtoka, moyo humdunda kila ujumbe unapoingia, na taratibu hujitoa kwenye makundi yaliyomletea wateja. Sauti imepotea, na riziki pia. Kumwambia "puuza tu" ni kumuumiza upya.

Anayestahimili mara nyingi ana watu nyuma yake: rafiki anayemsomea jumbe ili asizione zote, dada anayelala kwake siku mbaya.

Sheria ipo. Kifungu cha 27 cha sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, kiliweka adhabu ya hadi miaka 10 jela au faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Kabla ya kufuta chochote, hifadhi picha ya skrini yenye jina la akaunti na tarehe. Kisha toa ripoti polisi, udai nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Simu ya 1195, ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.