Taa ya ufunguo ikiwaka ndani ya gari: mambo ya kujaribu mbele ya kulipa fundi

Shofa anataka kutoka Bukavu kwenda Uvira. Anazungusha ufunguo, demareri inazunguka, lakini moteri inakatala kuwaka. Kwa tablo, taa ndogo yenye picha ya ufunguo inawaka na kuzimika. Wengi wanawaza demareri imekufa, wanalipa pesa ya bure. Ikiwa inazunguka vizuri, tatizo si yenyewe.

Taa hiyo ikiwaka na kuzimika wakati gari imefungwa, hakuna shida: ni ulinzi juu ya wezi. Lakini ikiendelea hata kisha kufungua kontakti, mara nyingi gari haitambui ufunguo. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu. Gari inaisoma kwanza ndipo inakubali moteri iwake.

Utoe ufunguo huo kati ya zingine, ujaribu tena. Kisha ujaribu wa akiba. Huo ukiwasha gari, ubaya uko kwa ule wa kwanza. Ukishindwa pia, upimishe batri ya gari, halafu umuite fundi mwenye mashine ya kusoma gari. Kwa Toyota nyingi za kuwasha na kifungo, batri ndogo ya ufunguo ikichoka, ugusishe ufunguo kwa kifungo chenyewe.

Usiache ufunguo ndani ya suruali ya kufuliwa. Ule unaochongwa sokoni bila chipu utafungua mlango tu. Na mwenye gari ya ufunguo mmoja atengenezeshe wa pili sasa: akipoteza ule mmoja, atalipa zaidi, na gari itabaki pale pale iliposimama.