Bawa la ndege na uzi wa mwani

Juni 2016 bahari iliitupia Pemba kipande cha bawa la ndege. Septemba mwaka huo Malaysia ikathibitisha kuwa kimetoka kwenye ndege ya safari MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Inaaminika ndege hiyo iliangukia kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Australia. Kwa hiyo bawa lile lilielea zaidi ya miaka miwili, likavuka bahari yote ile, likaja kuegama kwetu.

Kwa jamaa za wale watu hicho ni kipande cha msiba, na sipendi kukitaja ovyo. Nakitaja kwa sababu kilituonyesha njia. Mkondo wa Ikweta ya Kusini husukuma maji kutoka mashariki kuja magharibi, hupita kaskazini ya Madagaska, na ukifika pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji hugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini na kupita Mafia, Unguja na Pemba mwaka mzima. Kusi ikivuma huenda mbio, kaskazi ikiingia hupungua kasi. Njia hiyo hiyo ndiyo inayoleta taka za plastiki kila siku, na hizo haziji kutazamwa na wachunguzi.

Ushahidi mkubwa uko kwa jirani zetu wa Shelisheli. Kisiwa cha Aldabra hakina mji wala soko, kina kituo cha watafiti tu. Mwaka 2019 watu waliokwenda kukisafisha walitoa tani 25 za taka kwa wiki tano, na hesabu iliyofanywa baadaye ilikadiria kuwa zimebaki zaidi ya tani 500. Sehemu kubwa ilikuwa nyavu, kamba na zana nyingine za uvuvi. Ndara pekee zilikadiriwa kufika 360,000.

Nikitembea ufukweni Vumawimbi baada ya siku za upepo, huwa naokota kimoja kimoja na kukisoma. Lapa la mguu mmoja lililoota vijidudu vya magamba meupe, wale wanaoganda chini ya mashua, limekaa majini muda mrefu na huenda limetoka mbali sana. Chupa ya maji ina habari zake tofauti. Plastiki ya chupa hiyo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ikikosa kizibo huzama. Inayofika ufukweni kwa kuelea imefika na kizibo chake na hewa ndani. Ukiikuta ina maandishi ya Kichina na tarehe ya kutengenezwa ya miezi michache tu iliyopita, usidhani imetoka China kwa miguu ya mawimbi. Safari hiyo haikamiliki kwa muda huo. Yaelekea imetupwa na meli iliyopita karibu, ijapokuwa sheria ya kimataifa inayokataza meli kutupa plastiki baharini inatumika tangu 31 Desemba 1988.

Upande wa magharibi hadithi hubadilika. Kwenye ghuba za mikoko huko Wete, Chake Chake na Mkoani taka nyingi ni zetu wenyewe. Pemba ni vilima na mabonde. Mvua ya masika huosha majaa na mitaro, kila bonde likateremsha mzigo wake hadi kwenye mikoko. Mti wa mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kwenye tope. Pampasi au mfuko ukijifunga juu ya vijiti hivyo, hewa haipiti, na taka zikizidi mti hukauka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara. Ulikuwa uamuzi wa busara na naunga mkono usimamiwe kwa ukali zaidi. Ila mfuko ndio taka tuliyozoea kuiona, na kwa sababu hiyo zile tusizoziona zimesalimika.

Tuje kwa wanyama. Fukwe za kisiwa cha Misali hupokea kasa wanaokuja kutaga, na watu wengi wameshasikia kwamba kasa hula mfuko akidhani ni yavuyavu. Hilo ni kweli, lakini macho siyo yote. Plastiki ikikaa baharini huota utando wa vijidudu na mwani mdogo mno, nao hutoa harufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwajaribu kasa 15: plastiki safi haikuwashughulisha, lakini iliyolowekwa baharini waliitikia harufu yake kama wanavyoitikia chakula. Yaani kinachomponza ni pua yake, ambayo kwa mamilioni ya miaka ndiyo iliyomlisha. Na akishameza hawezi kutema. Koo la kasa lina miiba iliyoelekea tumboni, iliyowekwa ili chakula kisirudi pamoja na maji anayoyatoa. Watafiti wa Australia walikadiria mwaka 2018 kwamba kasa mwenye vipande 14 vya plastiki tumboni ana nafasi nusu kwa nusu ya kufa kwa sababu hiyo.

Matumbawe nayo huumia kimya kimya. Uchunguzi wa matumbawe 124,000 katika Asia na Pasifiki, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa uwezekano wa tumbawe kuugua hupanda kutoka asilimia 4 hadi 89 pale linapoguswa na plastiki. Plastiki hulichubua, hulinyima mwanga, na kwenye mchubuko vijidudu vya maradhi huingia. Wavuvi wetu wanajua maana ya tumbawe lililokufa: changu na chewa huhama.

Sasa nifike ninapotaka kufika, yaani kwenye zana zetu za kazi. Mvuvi wa zamani akipoteza dema la mianzi, lilioza. Jarife la nailoni likikatika kwenye mwamba linaendelea kuvua miaka na miaka bila mwenyewe. Hilo tunalisema mara kwa mara. Tusilolisema ni mwani.

Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, kwa mikono ya wanawake zaidi. Maji ya bamvua yakitoka, mama huingia na vigingi vyake, kamba zake na fungu la taitai, vile vijiuzi vya plastiki vya kufungia miche kwenye kamba. Shamba la kamba 200, kila kamba miche 25, lina taitai 5,000. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, taitai hufunguliwa au hukatwa, na hapo nyingi huanguka mchangani. Uzi huo ni mwepesi kuliko maji. Jua huuchakaza ukawa nyuzi laini kama nywele, na maji yanapojaa hauonekani tena.

Siwezi kuwalaumu wakulima. Uzi wa makumbi, ambao bibi zetu waliufukia kwenye tope la pwani kwa miezi kisha wakaupiga na kuusokota, unadai kazi ambayo bei ya mwani hailipi. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayeleta kamba na taitai, na yeye ndiye anayechukua mwani. Kwa nini plastiki hiyo iende upande mmoja tu? Anakuja na mizani na gari. Kamba chakavu na taitai zilizokatika zipimwe siku ile ile, zilipwe japo kidogo, zirudi na gari lililoleta mpya.

Nimemwona mama mmoja akivuna na kikapu kidogo cha ukili kiunoni, kila taitai aliyoikata akiitumbukiza humo. Nilipomuuliza anazipeleka wapi, alinionyesha nyuma ya nyumba yake, penye jivu jeusi lililogandamana. Alisema angependa kumpa mtu, ila hajatokea anayezipokea.