Wakanda Wanakanda Nini? Tulicheki Muvi na Masikio ya Lamu

Maze, kuna kitu ukishaiskia mara moja, haitoki kichwani. Usiku moja tulikuwa kwa baraza huko Langoni, Lamu, lapi juu ya kiti, mbogi imejipanga inacheki Black Panther kwa mara ya kumi. Ile mikono ikapigwa msalaba kifuani, wasee wakapiga nduru: "Wakanda!" Shangazi ya beshte yangu alikuwa anapita na sinia. Akauliza polepole tu: "Wakanda nini, mwanangu? Mikate?"

Hapo muvi ikaisha. Kesi ikaanza.

Ushahidi wa kwanza: Wakanda. Pwani mtu akisema "wasoma", anamaanisha unasoma, ama wanasoma. Kwa hivyo "wakanda" ni sentensi kamili: kuna watu wanakanda. Sasa angalia Wakanda Forever ya 2022. Ni nchi imejifungia ndani, haitaki wageni, inakanda unga milele. Hiyo vibranium ni story ya kuficha chapo. Mimi nimefunga faili.

Ushahidi wa pili: Zuri, yule mzee wa Forest Whitaker. Mtu ni mzuri, nyumba ni nzuri. "Zuri" ni ya gari, duka ama shati. Huyo mzee yuko ngeli gani? Mwalimu wako wa Kiswahili angemchapa kalamu nyekundu kabla hata hajapigana. Jabari nao wamepita, juu jabari kwa Kiswahili ni mtu mwenye nguvu na ujasiri, na ukimcheki M'Baku, jina na mwili zinaelewana.

Ushahidi wa tatu ndio noma. Lugha ya Wakanda kwa muvi ni Kixhosa, ya Afrika Kusini. Kwa Kixhosa, "ewe" ni ndiyo. Kwetu "ewe!" ni mathe amekupata ukitoka na viatu vyake. Na baba wanamwita "utata". Sijui nani aliwaambia, lakini wasee wengine hapa walikubali bila kubisha.

Sasa tuache jokes kidogo, juu kuna sababu. Mwaka wa 2016, kwa Captain America: Civil War, mzee John Kani aliigiza T'Chaka. Yeye ni Mxhosa, akaleta lugha yake kwa seti, na Wakanda ikapata lugha hivyo tu. Lupita wetu naye ilibidi ajifunze. Kixhosa na Kiswahili zote ni za Kibantu, ni mabinamu. Mtu ni "umntu", nyama ni "inyama". Ubongo ukiskia sauti inayofanana na ya nyumbani, haungoji maandishi ya chini. Unajaza yenyewe. Ndio maana unaskia mikate mahali watu wanapigania kiti cha ufalme.

Lakini cheki hii. Njaa kwa Kixhosa ni "indlala". Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ni "ndaa". Njia ni "indlela". Kiamu ni "ndia". Sisi wa Nairobi tuko na "nj", Lamu wako na "nd", Wakanda wako na "ndl". Kwa masikio, nani anakaribiana na mfalme T'Challa? Si wewe, buda.

Na hapa ndio kicheko inaniishia. Beshte yangu alipokuja Nairobi kusoma, siku ya kwanza alimwita msee: "Ndoo!" Kiamu hiyo ni njoo. Daro nzima ikamletea ndoo ya maji. Wakamwita Ndoo hadi akamaliza shule. Aliacha kuongea Kiamu mbele ya watu, na mpaka leo akiwa Nairobi anabadilisha sauti kama mtu anavaa sare.

Hakukosea. Kiswahili cha vitabu ni Kiunguja, kilichaguliwa kwa mkutano Mombasa mwaka wa 1928 ndio shule zote zitumie moja. Kiamu kilikosa hiyo nafasi, lakini wakati huo tayari visiwa vya Lamu vilikuwa na tenzi zao. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa katika karne ya 19. Hiyo "ndoo" haikuwa Kiswahili kibovu. Ilikuwa Kiswahili kizee kuliko daro lililokuwa linacheka.

Wakanda wakiongea kitu hatuelewi, tunasema "luku safi" na tunalipa tiketi. Msee wa Lamu akiongea kitu hatuelewi, tunamletea ndoo. Wote tuliwaskia vibaya. Mmoja tu ndiye alilipia.

Kwa hivyo ukiskia mtu akisema "ndoo", usilete maji. Enda. Pengine kuna mikate, na kuna mtu amekanda tangu asubuhi.